Saa Mkononi mwa Baba

Baba namjua kwa picha moja tu. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, amevaa koti, mkono wa kushoto ameuinua kifuani ili saa ionekane. Mkanda wa saa umeshonwa kwa uzi mweupe. Picha hiyo aliituma kwa mama Kitui alipokuwa kibarua wa kiwandani, akiishi Mukuru kwa Njenga, Nairobi, na mdogo wake. Mwaka huohuo tukaletewa maiti yake. Saa haikuwepo.

"Shemeji, saa ya mume wangu iko wapi?" mama aliuliza.

"Ndugu yangu hakuwa na saa."

Kwa jibu hilo baba mdogo akafungiwa mlango. Tulipohamia Nairobi, mama hakumtafuta. Aliitafuta saa. Sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji, niliona macho yake yakishuka kwenye mikono ya wanaume. Tabia hiyo nikairithi: nyuso za walimu wangu nimezisahau, saa zao nazikumbuka.

Mwaka jana baba mdogo alifariki mtaani Huruma. Kabla ya mazishi, mama alikataa kwenda matangani, nikaenda peke yangu. Mjane wake akanipa albamu niitazame. Ukurasa wa pili nikamwona baba mdogo, bado kijana, mbele ya pazia lilelile, mkononi saa yenye uzi mweupe.

Kumbe mama alisema kweli! Nikafunua ukurasa mwingine ili nisimtazame mjane usoni. Palikuwa na mwanamke nisiyemjua, amevaa saa hiyohiyo. Kisha kijana mwingine. Kisha mjane mwenyewe, akiwa msichana.

"Mama mdogo, hii saa ni ya nani?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ya mpiga picha, mwanangu. Hata haikuwa ikitembea. Unavishwa, unapigwa picha, unaivua, anavishwa mwingine. Nani kati yetu alikuwa na saa?"

Jioni nilimweleza mama, nyumbani kwetu Kware, akichambua majani ya sukuma. Hakubisha. Aliitoa picha ukutani, akaiweka mapajani, akaitazama mpaka nikawasha taa.

"Na koti?" aliuliza. "Koti lilikuwa lake?"

"Sijui, mama."

"Na viatu?"

Baada ya mazishi alitaka nimpeleke Huruma. Njia nzima alikuwa akinong'ona maneno ya kuomba msamaha, akiyapanga na kuyapangua. Mjane alipofungua mlango, yote akayasahau.

"Wewe ulimjua huku mjini," mama alisema. "Mume wangu alikuwa mtu wa namna gani?"

Mjane alimshika mkono, akamketisha kitini.

"Alipenda kuimba," alisema. "Akifua nguo Jumapili, wapangaji wa ploti nzima walimsikia."

Mama aligeuka kunitazama. Yeye hakuwahi kumsikia akiimba.