Mwoka biskuti za chai anayeisaka ladha yake mwenyewe

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu. Mama Chai amesimama mbele ya oveni yake ya gesi, biskuti mkononi, anatafuna taratibu kama mtu anayesikiliza kitu. Anatafuna, anatulia, anaangalia dari, anatafuna tena. Kisha anaiweka nusu iliyobaki mezani, kando ya nusu nyingine saba alizozionja tangu alfajiri.

"Nzuri," anasema. "Hilo ndilo linaloniumiza. Ni nzuri kabisa, lakini si yangu."

Mumewe, fundi wa makochi, anapita kuelekea bafuni na taulo begani. Anaziangalia zile nusu nane.

"Bado hujaipata?"

"Sijaipata."

"Basi labda ulimi ndio umezeeka, mama watoto. Biskuti hazina kosa."

Anarushiwa kitambaa cha jikoni, anakidaka, anaenda zake akicheka. Mke hacheki. Wiki ya tatu sasa hajacheka asubuhi.

Wateja wa mtaani huziita biskuti zake "chai ya kutafuna," na ndizo zilizompa mwenyewe jina lake. Ni nyembamba, za kahawia, zenye mlio zikivunjika. Jioni anachemsha lita tatu za maziwa pamoja na majani ya chai, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kidogo, mpaka maziwa yapungue na kukolea rangi. Anaifunika sufuria, anaiacha ipoe jikoni usiku kucha. Asubuhi anachuja, anakandia unga, siagi na sukari, na kunyunyiza majani machache makavu yaliyotwangwa. Anasukuma, anakata kwa mdomo wa kopo la maziwa ya unga, anaoka kwa dakika kumi na sita.

"Miaka tisa nafanya hivyo hivyo," anasema mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka arobaini na minne. "Sijaongeza, sijapunguza. Sasa nionyeshe nilipokosea."

Wa kwanza kumwambia kuna kilichobadilika alikuwa fundi viatu wa kona ya barabara, mteja wake tangu siku za mwanzo, ambaye hununua mbili kila asubuhi bila kusema neno. Siku moja, wiki tatu zilizopita, alisema. Aling'ata, akaitazama biskuti, akamtazama muuzaji.

"Mama Chai, hizi umeoka wewe?"

"Nani mwingine?"

"Aa, nauliza tu." Akamalizia kutafuna. Kesho yake akanunua moja. Kesho kutwa yake akasema ameshiba.

Maneno ya namna hiyo yakaanza kuja kutoka huku na huku. Muuza magazeti alidai biskuti "zimekaa kimya." Mwalimu wa shule ya jirani alisema kuna kitu kilikuwa kinakuja nyuma ya ulimi baada ya kumeza, na sasa hakiji. Kitu gani? Mwalimu hakujua. Kutoka biskuti mia mbili na arobaini kwa siku, Mama Chai akashuka hadi mia na hamsini, na hizo nazo zilianza kurudi nyumbani kwenye ndoo.

Alichofanya baada ya hapo kinachekesha ukikisikia, ingawa yeye kilimtoa machozi. Alibadilisha unga. Alibadilisha majani ya chai mara mbili, akarudia yale ya kwanza. Alimshutumu muuza maziwa kwamba anaongeza maji, na yule bwana, mpole kupita kiasi, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Alimshutumu mumewe kwamba mtungi mpya wa gesi una moto mwepesi. Mwishowe alikwenda zahanati akamtolea daktari ulimi.

"Akaniambia, 'Mama, ulimi wako mzima.' Nikatamani angeniambia mgonjwa. Angalau ningejua," anasema, na kushika tama.

Isingekuwa haraka, labda angengoja mambo yatengemae yenyewe. Lakini Alhamisi ya wiki hiyo alitakiwa kupeleka sahani ya biskuti kwenye kantini ya chuo. Msimamizi wa kantini alizionja mwezi mmoja nyuma, zikiwa bado zenyewe, akaahidi oda ya biskuti mia tano kila siku ya masomo ikiwa kamati yake itaridhika. Kwa oda hiyo Mama Chai angepata oveni ya pili, na angeondoka kwenye jiko ambamo mtu akifungua kabati, mwingine lazima atoke nje.

"Sasa niwapelekee nini?" anauliza. "Niwapelekee hizi? Watakumbuka zile."

Jumanne jioni mama mkwe wake alirudi.

Bibi huyo wa miaka sabini na sita aliishi na familia hii tangu alipofiwa na mumewe, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wiki tatu kabla, mwanawe mdogo alimchukua aende kupaona kwake, akapapenda. Kuna chumba chake peke yake, dirisha kubwa, hakuna mjukuu wa kulala naye na kumpiga mateke. Safari hii alikuja kufungasha vitu vyake. Jumapili angehama moja kwa moja.

"Nilimwambia, 'Sawa, Mama, ni vizuri,'" anakumbuka Mama Chai. "Kweli ni vizuri. Hapa tumebanana. Na mimi na yeye tumeishi kwa heshima tu, si kwa maneno mengi. Anachota maji yake, mimi nakanda unga wangu."

Jumatano alfajiri Mama Chai aliamka kabla ya saa yake, kwa wasiwasi. Alisukuma mlango wa jiko akamkuta mama mkwe amesimama mbele ya sufuria ya kazi, kifuniko kimewekwa pembeni. Mkono mmoja ulishika kikombe kitupu, na midomo yake ilikuwa na alama ya maziwa. Mkono wa pili ulikuwa unamimina kitu ndani ya sufuria kutoka kwenye chupa yake ya chai, ile ya bluu anayolala nayo kando ya kitanda.

 Kisha mama mkwe akafunga chupa taratibu, kizibo kikalia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nafidia."

Kufidia nini? Ikabidi wakae mezani. Maelezo yakatoka kidogo kidogo, kwa aibu.

Miaka tisa iliyopita, biashara ikiwa changa, mtoto mmoja alichovya mkate kwenye maziwa ya biskuti. Mama Chai akapandisha sauti nyumba nzima isikie: sufuria ya kazi haiguswi, awe nani awe nani. Alikuwa anawasema watoto. Lakini mama mkwe alikuwa chumbani, akasikia, akadhani anasemwa yeye. Kwa sababu tayari alikuwa na tabia ya kuamka kabla ya wote na kujichotea kikombe kimoja, cha baridi, na hakuna kitu alichokipenda kama hicho.

"Ningeomba vipi, wakati umeshakataza?" alimuuliza mkwewe. "Na kuacha nikashindwa. Basi nikinywa kikombe, narudisha kikombe. Usipungukiwe."

"Unarudisha nini, Mama?"

"Dawa yangu ya kifua. Maji yangeharibu kazi yako."

Dawa ya kifua ni mchaichai, tangawizi mbichi, asali, na maganda ya chungwa ambayo bibi huyo huyaanika dirishani mpaka yakakamae. Rangi yake haitofautiani sana na ya yale maziwa. Na Mama Chai, ambaye huyaonja jioni yakiwa motoni, asubuhi alikuwa anayachuja tu na kuyamimina kwenye unga. Kwa miaka tisa hakuonja maziwa ya asubuhi hata mara moja.

Mwandishi wa makala haya alipofika saa kumi na mbili, alimkuta amekaa kwenye kigoda, mikono imejaa unga, anatazama ukuta.

"Sijui nicheke au nilie," alisema. "Watu wamenisifu miaka yote, mkono wako una baraka, mkono wako una baraka. Mkono wa nani? Na huyu mama amekuwa akijiona mwizi ndani ya nyumba ya mwanawe kwa sababu ya mdomo wangu. Nimemkasirikia, nimemwonea huruma, nimejionea haya, yote asubuhi moja. Kichwa kinanizunguka."

Hata hivyo alioka. Biskuti ya kwanza ilipopoa aliivunja, akatafuna, na macho yakamjaa machozi. Ile ladha ya nyuma ya ulimi ilikuwa imerudi.

Alhamisi, wajumbe watatu wa kamati ya kantini walimaliza sahani nzima kabla ya kukaa vizuri. Msimamizi akatoa fomu. Oda ni yako, akasema, ila tunataka orodha ya kila kilichomo, kwa vipimo, ifikapo Jumatatu. Chuo kina wanafunzi wenye mizio. Hatuwezi kuwalisha kitu tusichokijua.

Ndipo lilipokuja fumbo jipya. Mama mkwe hapimi. Mkono unaingia kwenye mfuko wa maganda, unatoka, unatupia. Na Jumapili mkono huo unaondoka na basi la saa nane mchana.

"Ningemwambia abaki," alisema Mama Chai Ijumaa, akizungumza kwa sauti ya chini kwa sababu mhusika alikuwa chumba cha pili akikunja khanga. "Lakini atafikiri nini? Miaka kumi sijamwambia nakupenda ukae, leo nimepata oda ndiyo naomba? Ataona namtaka kwa ajili ya chupa. Na mimi mwenyewe, nikijiuliza usiku, sina uhakika. Namtaka yeye au naitaka chupa? Sijui. Nakwambia kweli, sijui."

Mumewe, aliyeombwa ushauri, alisema mambo ya mama yake na mke wake hayamhusu, akaenda kupiga misumari.

Jumamosi asubuhi, bila kuombwa, mama mkwe aliingia jikoni na mfuko wa maganda.

"Lete mzani wako," akasema. "Sitaki niondoke nikuache unahangaika."

Ilichukua nusu siku. Bibi alishika maganda kama anavyoshika siku zote, na kabla hajayatupia kwenye sufuria ya dawa, Mama Chai akaingiza bakuli la mzani chini ya mkono wake. Gramu tisa. Wakarudia. Gramu kumi na nne. Wakarudia tena. Kumi na moja.

"Mama, ni ngapi sasa?"

"Inategemea nimeamkaje."

"Kwenye fomu siwezi kuandika 'inategemea Mama ameamkaje'!"

Hapo ndipo wote wawili waliposhikwa na kicheko, mpaka mtoto mkubwa akaja kuchungulia kuna nini. Walioka mafungu manne madogo. Fundi viatu aliitwa aje aamue. Alionja ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakunja uso kila mara kama hakimu. Ya nne akaimaliza, akachukua nyingine.

"Hii ndiyo Mama Chai," akasema.

Fungu la nne lilikuwa la gramu kumi na mbili za maganda, vijiko viwili vya asali, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, iliyopimwa nayo ikaandikwa gramu zake, na mchaichai majani matatu. Kila kitu kikaandikwa kwenye karatasi, herufi kubwa. Mama mkwe akaisoma kwa miwani, akaikunja, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili.

"Haya. Sasa hunihitaji."

Jumapili saa tano asubuhi begi lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Watoto walikuwa wamevaa tayari kumsindikiza bibi yao. Mama Chai alitoka jikoni akiwa bado na aproni, ile karatasi mkononi.

"Mama, vipimo ninavyo. Kesho napeleka fomu, oda naipata. Kwenye biskuti sikuhitaji tena kwa chochote, umesema mwenyewe." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo leo naweza kukuomba. Usiende. Kaa na sisi. Watoto nitawatafutia godoro lao, ulale kwa raha."

 Mama mkwe akakaa juu ya begi lake, akafuta miwani kwa ncha ya khanga. Basi la saa nane liliondoka bila yeye, lakini begi lilibaki palepale mlangoni, na hadi jioni hakuna aliyethubutu kuligusa.

Simu ilipopigwa kutoka gazetini Jumatatu mchana, fomu ilikuwa imeshapokelewa chuoni, na Mama Chai alikuwa kwa fundi wa kuunda oveni, akichagua ya trei sita. Anatarajia kuanza kupeleka zile mia tano wiki ijayo, na ndani ya mwaka apange chumba cha kazi, nyumba ibaki ya kuishi watu.

Na mama mkwe? Anabaki au anaondoka?



"Hajasema ndiyo, hajasema hapana," alijibu. "Jana usiku aliniuliza tu nachemsha lita ngapi. Nikamwambia tatu, kama kawaida. Akasema, 'Aa, nilikuwa nauliza,' akaenda kulala. Sielewi alimaanisha nini." Akaongeza: "Lakini leo nimenunua lita tatu na nusu za maziwa, kikombe chake kikiwemo."