Makosa Kwenye Zulia la Katani

Mama hapendi kuulizwa maswali, na mimi sijui kuishi bila kuuliza. Tumegombana kwa ajili hiyo tangu sijang'oka meno ya utoto. Nikimuuliza nani alimfundisha kusuka ukili wa mikeka, ananituma jikoni nikaangalie kama maji yamechemka. Nikimuuliza baba alimposa vipi, anataka kujua kama huko shuleni ninakofundisha hesabu hakuna madaftari ya kusahihisha. Nina miaka arobaini na sita, na maisha ya mama yangu nayajua kwa kubahatisha.

Mwaka huu aliteleza kisimani kijijini kwake Kigombe, akavunjika mguu, nikamleta kwangu Tanga mjini. Mfupa uliunga. Mwezi wa sita daktari akasema anaweza kutembea bila magongo, na siku hiyo hiyo mama akafunga nguo zake kwenye kanga, akaliweka furushi nyuma ya mlango. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ana gari, angekuja Jumamosi ya wiki ya pili kumrudisha. Kule anaishi peke yake. Siku ile ya kisimani alilala chini tangu asubuhi mpaka alasiri, ndipo akapita mtu anayetafuta mbuzi wake akamsikia. Niliogopa sana arudi. Lakini mama ukimwambia abaki kwa sababu unaogopa, ataondoka kabla hujamaliza kusema.

"Nyumba yako nzuri," aliniambia. "Ila miye hapa nakaa tu. Nakula, nalala, naangalia ukuta."

Vidole vyake vimekakamaa, kusuka hawezi tena. Kutwa alikuwa akikaa juu ya mkeka wake wa zamani, aliousuka mwenyewe na kuja nao, kwa sababu marumaru ya sebuleni kwangu yana baridi, na viti vyangu anasema vinamning'iniza miguu. Mkeka wenyewe umechakaa, pembe zimefumuka. Nikaenda kununua zulia la katani, pana, zito, lisilo na ua hata moja. Mama akalitazama, akasema kumbe siku hizi magunia yanauzwa bei hiyo. Hakulikalia.

Nilikasirika, sitaficha. Halafu, kama kawaida yangu, udadisi ukaishinda hasira. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wakipamba mazulia kwa stensili: unakata umbo kwenye kitu kigumu na chembamba, unakilaza juu ya zulia, unagongagonga rangi kwenye tundu, ukikiinua umbo limebaki chini. Nikajiuliza, je, nakshi ya mkeka wa mama haiwezi kuhamia kwenye hili gunia? Ilikuwa likizo na sikuwa na kazi. Kitu kigumu na chembamba nilikipata kabatini, ile picha ya eksrei ya mguu wa mama. Nikamwomba. Akasema nichukue, mguu ushapona, mfupa wa kwenye picha wa nini. Nikakaa barazani na wembe, nikakata vidaraja kama vya ngazi katikati ya muundi wake.

Nakshi yenyewe ni vidaraja vyeusi vinavyopanda sita na kushuka sita, kisha vinakutana na vya ukili wa jirani pale mkeka ulipounganishwa kwa uzi. Nilipima kwa rula, nikachora mistari ya chaki, nikaikoroga rangi nyeusi ya maji iliyobaki tulipopaka geti. Sponji la kuoshea vyombo nililikata vipande vinne. Mara ya kwanza nilichovya nyingi mno, ikapenya chini ya eksrei na vidaraja vikavimba. Mara ya pili nikachovya kidogo, katani ikainywa yote, ikabaki kama vumbi. Nilijaribu upande wa juu na wa chini wa lile zulia, nikagundua kwamba mmoja unaipokea rangi na mwingine unaikataa. Sababu sijaijua hadi leo, na inanikera.

Kosa la kwanza halikuwa la makusudi. Nilianzia pembeni, nikaenda nalo mpaka mstari wa pili. Mama alikuwa kwenye mkeka wake na tasbihi mkononi, wala hakuonekana kuangalia.

"Haijakutana na mwenzie," akasema.

"Nini?"

"Hiyo. Umeanzia pembeni ndiyo maana. Anzia kati. Bibi yako, mamake babako, alinichapa vidole kwa kosa hilo hilo."

Nikabaki na sponji hewani. Swali la nani alimfundisha nimemuuliza tangu utotoni, na jibu limekuja lenyewe bila kuulizwa. Rangi ya maji haifutiki kwenye katani, kwa hiyo nilikoroga nyeupe na kahawia kidogo mpaka ikakaribiana na rangi ya zulia, nikalifunika kosa. Kukauka, kufunika, kukauka tena, siku nzima ikaisha.

Kesho yake nikafanya ambalo mwalimu wa hesabu hatakiwi kufanya. Nilipaka vidaraja saba badala ya sita, nikaenda kukaa mbali nikijifanya nasoma simu. Mama hakumaliza kikombe cha uji.

"Saba hiyo."

"Ah, kweli?"

"Saba nilijaribu miye, nikitaka nakshi yangu mwenyewe. Bibi yako akaniambia nifumue dhiraa nzima. Nilifumua nikilia. Ndo kwanza naolewa, nyumba ya watu, simjui mtu."

Basi nikawa nimeupata mlango. Mama hajibu swali, ila kosa hawezi kuliacha lipite. Siku iliyofuata nilikosea upande wa kupinda, nikasikia jinsi baba alivyomposa: alituma ndugu zake watatu, na wote watatu wakasahau jina la binti. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Usiku ule niliona haya kidogo, lakini asubuhi nikakosea tena.

Karibu na pembe moja ya mkeka pana kipande cha kama shibiri moja ambacho nakshi inakatika. Ukili umekwenda mweupe mtupu, halafu vidaraja vinaanza upya. Nilikijua tangu mdogo, nikidhani rangi ilimwishia. Siku ya Jumatano nilipofika sehemu hiyo nikaacha wazi vile vile.

"Mbona hapo umepaacha?"

"Nafuatisha mkeka."

Akapapasa pale kwenye mkeka kwa kiganja. "Hapa ni weye," akasema. "Uchungu ulinishika nasuka, nikauweka ukili chini. Nilipokuja kuushika tena nilikuwa sikumbuki nimefika ngapi, na weye unalia, nikawa nakwenda tu. Bibi yako akapaona, na hakunifumulisha." Akauondoa mkono. "Paka. Hilo kosa langu miye, si lako."

Nilikwenda jikoni nikalia, kwa furaha kwa kweli, kisha nikarudi nikapaka.

Ijumaa ulibaki ukingo mmoja tu. Ningeweza kuumaliza kabla ya adhuhuri. Nikakaa nikiutazama, mtu mzima ninayewapa watoto wa watu adhabu kwa kuibia mtihani, halafu nikapaka vidaraja vitano. Mama akaja akasimama juu yangu, akaangalia kwa muda mrefu. Akaenda kutawadha.

Hapo nikavunjika moyo. Kosa limepita mbele ya macho yake na ameliacha. Nikaona basi, mwenzangu keshaondoka, kimebaki kiwiliwili kusubiri gari. Sikulifunika lile kosa, niliosha mikono nikaenda kulala.

Jumamosi mdogo wangu akafika mapema. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo huko?"

"Hawajambo. Tunaweza kwenda kabla ya jua kali." Akaliinua furushi nyuma ya mlango.

Mama alikuwa amekaa kwenye zulia la katani. Nilikuwa sijawahi kumwona amelikalia. Miguu ameinyoosha, ukingo wa vidaraja vitano uko karibu na magoti yake.

"Lirudishe hilo furushi," akasema. "Dada yako zulia limemshinda. Nikiondoka ataliharibu lote."

Mdogo wangu akalizunguka zulia, akainama, akasema yeye haoni kasoro yoyote.

"Weye utaonaje."

Mdogo wangu akanywa chai na maandazi, akauliza habari za mguu, akaondoka na gari lake tupu. Nilimsindikiza getini, nikarudi nikaanza kuosha sponji kwa sababu sikujua nishike nini. Nilikuwa naogopa kumtazama usoni.

"Mwalimu," mama akaita kutoka sebuleni. Hajawahi kuniita hivyo.

"Abee, mama."

"Sita unaijua."

Nilizima bomba.

"Huo ukingo ufunike leo, uishe," akasema. "Wiki ijayo kosea huku kati, karibu na ninapokaa. Mguu bado unauma nikiinuka."