Msumeno Hautoki Kwangu

Shemeji yangu simpendi, na nasema mapema ili mtu asije akahangaika kutupatanisha. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Arobaini ilipokwisha tu, alikuja kwangu hapa Unyambwa, akakalia meza yangu ya kazi bila kukaribishwa, akasema msumeno wa umeme ni mali ya ukoo. Mwanamke achukue cherehani, alisema. Cherehani mimi sijawahi kuigusa.

Msumeno huo wa mkononi, wenye diski ya meno inayozunguka, ndio unaonilisha. Aliununua mume wangu, sawa, lakini tangu aanze kuugua aliyekuwa anakata mbao za vitanda na madirisha ni mimi. Ukichukuliwa, nirudi kulima mtama kwenye shamba ambalo nalo wanasema ni la ukoo.

Mama mkwe alichoshwa na kelele zetu. Alikuwa na mbao mbili za mninga, ambazo marehemu alimletea kutoka Mitundu kwa ajili ya mlango wa chumba chake, na mlango ulikuwa bado gunia.

"Kila mtu aninyooshee ukingo wa ubao mmoja," alisema. "Atakayenyoosha, msumeno ni wake. Sitaki kusikia tena."

Tulifanyia kazi uani kwake, na upepo wetu huu wa Singida ulikuwa umeshaanza kuturushia vumbi usoni. Shemeji alianza, maana mkubwa ni yeye. Alipaka uzi unga mweusi wa betri kuukuu, akaufunga kwenye misumari miwili, mmoja kila mwisho wa ubao, akauvuta juu katikati, akauachia. Mafundi wa huku ndivyo tunavyopiga mstari. Lakini mwenye akili hupigia nyuma ya ukuta, kwa sababu uzi ukiwa hewani upepo unausukuma, na alama inatoka imepinda katikati, kidogo tu, jicho lisione.

"Shemeji, upepo," nilimwambia.

"Nyamaza, shemeji. Huyo mumeo aliyekufundisha, nilimshikisha randa mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Alikata vizuri, na kulisema hilo kunaniuma. Mkono wake haukutikisika. Aliufuata ule mstari kwa uaminifu kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na kupinda kwake.

Mimi uzi sikuugusa. Nilipima kutoka kwenye meno ya msumeno hadi ukingo wa bamba lake la chini, nikakihamishia kipimo hicho kwenye ubao, na hapo nikabana ubao mwembamba ulionyooka uwe mwongozo. Uso mzuri wa mninga niliulaza chini, kwa sababu meno yanapanda kutoka chini na yanachana upande wa juu. Niliuacha msumeno uchanganye mwendo kwanza, ndipo nikauingiza, nikiliegemeza bamba kwenye mwongozo. Meno sikuyatazama. Anayetazama meno ndiye anayepinda. Nyuma yangu shemeji alicheka, akauliza tangu lini fundi akatembea na gongo la kipofu.

Mama mkwe alituamuru tuzisimamishe mbao zile, ukingo kwa ukingo, kuelekea jua. Katikati mwanga ukapita.

"Huyu ndiye aliyepinda," shemeji alisema upesi, akininyooshea kidole.

Bibi yule aliuchukua ule mwongozo wangu, akauegemeza kwenye ubao wangu. Giza. Akauegemeza kwenye ubao wa mwanawe, na mwanga ukampiga usoni.

"Mninga haukukauka vizuri," shemeji akasema.

"Ulikuja kudai urithi wa mdogo wako," mama yake alimwambia. "Ubao huu aliuleta yeye. Beba."

Akaubeba begani. Upepo ulikuwa unaugeuza, naye anayumba nao hadi barabarani. Nilifurahi, tena sana, na furaha hiyo haijaniisha.

Mninga mwingine hatukupata. Mlango wa mama mkwe nimeumalizia kwa mbao za paina, sasa ni nusu nyekundu ya mninga na nusu nyeupe, na kila mgeni anauliza kwa nini. Mama mkwe huwaambia. Shemeji akija kumsalimia, hugonga ile nusu nyeupe, kisha anasubiri. Shikamoo yake nampa. Mlango namfungulia mimi.