Kizito Mbele

Pale Keko, kwenye vibanda vya mafundi seremala, wapakizi wote walimjua Avelina kwa sheria moja na kofi moja. Sheria ilikuwa hii: kizito mbele, chepesi nyuma. Kofi lilikuwa la yule aliyeisahau. Mama huyu wa Rombo, mwenye miaka hamsini na miwili na mabega ya mbeba magunia, alikuwa akivuta tela la magurudumu manne kwa Prado kuukuu ya dizeli, akipeleka vitanda na makabati kwa watu waliojenga Chanika, Kibamba na kwingineko mji unakokimbilia. Kazi yake aliijua, na hilo hata waliomchukia walikiri. Alijua kwamba tela likipewa uzito mkiani, linainua gari kwa nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mteremko anayeendesha si dereva tena.

Asichokijua ni kuyasema hayo kwa mdomo. Fundi mmoja aliyembishia alipigwa ubao wa mgongo mbele ya wateja. Salumu, aliyempakilia mizigo kwa miaka kumi na mmoja, aling'olewa jino kwa sababu ya friji iliyosimamishwa mahali pasipo pake. Avelina alimpeleka hospitali mwenyewe, na njiani kurudi akamzaba kibao kingine kwa kulalamika. Mumewe alikwishakimbilia Singida zamani, sikio moja halisikii vizuri. Watu walicheka waliposimulia visa hivyo. Waliocheka ni wale ambao hawajaonja kiganja chake.

Aliyekionja kuliko wote ni bintiye wa pekee, Gladness. Wiki ya harusi yake alimkalisha mama yake jikoni, akamwambia bila kupandisha sauti:

"Mama, siku ya kupeleka vyombo ukweni, ukimpiga mtu yeyote, mie na wewe basi. Wajukuu utawaona kwenye simu."

Avelina aliapa kwa Bikira Maria. Alijua binti hatanii, maana ukaidi ule alikuwa ameurithi kwake, na hofu ya kumpoteza haikumtoka siku zote zilizofuata.

Alhamisi asubuhi vyombo vilikuwa tayari: kabati la mninga la milango mitano lenye vioo, friza, jiko la gesi, masofa na magodoro. Avelina alimwonyesha Salumu kila kitu kikae wapi, akaenda kwa mke wa fundi aliyetengeneza kabati kuoga na kuvaa sare ya kitenge. Huku nyuma Gladness akafika, akautazama mzigo, akanuna. Nyuma ya tela itafuata pikapu ya matarumbeta na mpiga video, nao waone magodoro tu? Vyombo vya bibi harusi hupelekwa ili vionekane. Kule Kibamba mama mkwe na majirani watakuwa wamesimama nje. Akaagiza kabati lihamishiwe mkiani, vioo vitazame nyuma, friza ikae kando yake. Praygod, mdogo wake Avelina, akasaidia kusukuma. Salumu alisita, kisha akafanya, kwani nani anabishana na bibi harusi wiki ya harusi yake. Wakafunika turubai juu ya vyote. Salumu akajilaza chini yake ili trafiki wasimwone, wakifika karibu na ukweni alifunue.

Avelina aliporudi aliona kitu. Mkia wa Prado, ambao siku zote huinama kidogo tela likifungwa, leo ulikuwa umesimama juu. Akamtazama Salumu aliyechungulia turubaini. Salumu akakwepesha macho. Swali lilimfika Avelina kooni, lakini alijijua: akifungua mdomo mkono unafuata, na Gladness alikuwa amesimama palepale. Akalimeza, akawasha gari.

Mpaka Mbezi mambo yalikwenda vizuri. Matarumbeta yalilia nyuma, Gladness akaimba kiti cha nyuma. Walipoanza mteremko wa kuelekea Kibamba, usukani ukalegea mikononi mwa Avelina. Tela likapiga mkia kushoto, likarudi kulia kwa nguvu zaidi, likaanza kuitupatupa Prado huku na huku. Avelina aliinua mguu kwenye mafuta, hakugusa breki, akaushika usukani usigeuke. Ndivyo inavyotakiwa, na pengine lingetulia. Lakini Praygod, aliyeketi kando yake, alipiga yowe akaikamata breki ya mkono kwa mikono miwili, akaivuta mpaka mwisho.

Avelina alimpiga kiwiko cha mdomo, meno yakavunjika. Alikuwa amechelewa. Magurudumu ya nyuma yalikwama, tela likalikunja gari, chuma kikapasuka. Prado ikazunguka ikatazama ilikotoka. Tela likalala ubavu likamwaga kila kitu lamini, na kabati likaruka, likatua kando ya barabara, vioo vikasambaa kila upande. Pikapu ya matarumbeta ikaingia mtaroni.

Avelina alishuka damu ikimtiririka kwenye nyusi. Hakujali bodaboda waliokwishaanza kubeba magodoro. Alimvuta Praygod nje kwa kola, akambamiza kwenye mlango wa gari mara moja, mara mbili, mara tatu, akimuuliza ni nani aliyepanga mzigo. Praygod akatema damu na vipande vya meno.

"Ni mimi, mama," Gladness akasema nyuma yake. "Nilitaka wakwe walione kabati."

Avelina aligeuka, mkono umeshapanda. Gladness hakukimbia. Alifumba macho na kuinamisha kichwa upande, kama alivyofanya tangu yuko darasa la kwanza. Mkono ukabaki hewani. Kisha wote wawili wakasikia mtu anakoroma chini ya kabati.

Watu sita walilinyanyua. Salumu alikuwa amelala chali, uso umechanwa na vioo, mguu wa kulia umesagika chini ya goti na mfupa unaonekana. Avelina alipiga magoti juu ya vipande vya vioo bila kuvihisi.

"Salumu, wewe ulijua. Miaka yote hii tuko pamoja. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi, Mama Gladi?" Salumu akasema kwa shida. "We unapigaga kwanza, ndo unauliza."

Alilisema bila chuki, na hilo ndilo lililomuumiza. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia alikuwa mkuu mwenyewe, na guu lilikuwa la mwingine. Avelina akaona damu inamwingia Salumu jichoni, akashika upindo wa kitenge, akanyoosha mkono amfute.

Salumu, aliyekuwa hawezi hata kugeuza shingo, akainua kiwiko akajikinga uso.

Gladness aliona. Akapiga magoti kando ya mama yake, akaushika ule mkono, akaurudisha taratibu mapajani pake.

"Acha, mama. Nitamfuta mie."

Ndipo Salumu aliposhusha kiwiko.