Kuzunguka Mugumo Mara Kumi na Nne

Barabara inayoshuka kutoka Kitisuru ni ya mageti. Nyumba zina geti, kanisa lina geti, hata mahali pa kutupa takataka pana geti na askari wa kukuuliza unamtafuta nani. Kitu pekee ambacho mtu wa sketi ya shule anaweza kukiegemea bila kuhojiwa ni ule mti mkubwa wa mugumo mbele ya shule yetu. Kwa hiyo walipoanza kupanua barabara, nilikuwa na wasiwasi wa kibinafsi. Jakaranda za upande wa pili ziliondoka asubuhi moja tu. Wanaume walikuja na ngazi na kamba, na sisi tulipotoka kwa mapumziko tukakuta jua.

Jumamosi moja baada ya masomo ya ziada, mimi na rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja tulikuta wanaume wawili kwa mugumo. Walikuwa na ngazi, magunia na kamba nene ya katani. Mmoja, kijana mwenye jaketi la reflekta lililomzidi saizi, alikuwa anauzunguka mti akiiachilia kamba, na mwenzake wa makamo anaikaza. Nikajua ndiyo ile kamba iliyoangusha jakaranda. Sina uwezo wa kusimamisha barabara, lakini mdomo ninao. Nikaanza kuhesabu kwa sauti.

“Tatu. Nne.”

“Unahesabu nini, siste?” kijana akauliza.

“Raundi zako. Endelea tu, bro. Tano.”

Alizunguka moja zaidi, akasimama. “Kwani kuna nini?”

“Sita. Hakuna kitu. Ila huu ni mugumo. Mwanaume akiuzunguka mara saba anageuka mwanamke, na mwanamke anageuka mwanaume. Watu wote wa huku wanajua.”

“Hiyo ni mambo ya Wakikuyu. Mimi natoka Kakamega.”

“Mti hauitishi kitambulisho.”

Rafiki yangu akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliye matangani. “Mjomba wangu alibisha hivyo hivyo. Saa hii tunamwita shangazi.”

Kijana akaiweka kamba chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa wenyewe. Akamwambia mwenzake, “Malizia wewe.”

“Mimi niko na harusi Desemba,” mwenzake akajibu.

Tulikuwa bado tunajipongeza nyapara wao alipofika, jamaa wa kitambi mwenye simu mbili. Alitaka kujua kwa nini kamba iko chini. Walipomweleza, nilitarajia acheke. Hakucheka. Alitoka Kiambu, huyo, kwa Wakikuyu wenyewe.

“Una uhakika ni sita?” akamuuliza kijana. Kisha akakumbuka cheo chake. “Wacheni hiyo. Tingatinga linakuja sasa hivi kuchimba mtaro, hatua mbili kutoka hapa. Injinia amesema huu mti usiguswe. Magunia ya juu bado yananing'inia. Mnangoja ndoo yake ya chuma ichune gome lote?”

“Kwani haukatwi?” nikauliza.

“Ukatwe na nani? Hii kamba ni ya kushikilia magunia. Ni ya kuulinda.”

Sijawahi kutamani kuyameza maneno yangu kama siku hiyo. Nikawaambia nilikuwa ninawachezea, hakuna mtu amewahi kugeuka chochote.

“Sasa ndiyo unadanganya,” kijana akasema. “Na yule shangazi?”

Nikamgeukia nyapara, azunguke yeye. Akasema mgongo unamsumbua. Kule juu ya mteremko tingatinga lilikuwa limeanza kunguruma.

“Wewe ndiye ulileta hesabu,” nyapara akasema, akanikabidhi kamba. “Zimebaki raundi kumi na mbili.”

Rafiki yangu alinipokea begi. “Ukigeuka kijana, tafadhali usije ukanitongoza. Wewe si taipu yangu.”

Nikazunguka. Mizizi ya mugumo imejikunja kama magoti ya watu waliolala, nikawa ninairuka, huku mwenye harusi akikaza kamba kutoka kwenye ngazi. Zile sita za kwanza nilitania. Ya saba nilipunguza mwendo. Nilipofika nyuma ya shina, mahali ambapo hakuna aliyeniona, nilijipapasa kidevu. Hakukuwa na kitu. Nikaendelea.

Kwenye ya kumi na mbili nyapara akasema inatosha. Rafiki yangu akapinga. “Hapana. Ya saba imemgeuza kijana. Akiachia hapa anabaki hivyo. Lazima afike kumi na nne ndiyo arudi.”

Nyapara alifikiria, akaafiki. “Kamba iko. Aende.”

Nilipomaliza, mwenye harusi alifunga fundo na kushusha ngazi, na tingatinga likafika. Dereva alichimba kwa uangalifu, hilo nakubali, lakini mtaro ulipofika karibu nasi ile ndoo iliyumba. Tukasikia kitu kikiraruka. Dereva akazima injini.

Nikakimbia nikiwa wa kwanza. Gunia lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Raundi mbili za kamba zilikuwa zimekatika, nyingine zimeshika. Nikaingiza vidole ndani na kupapasa polepole, nikihofia kukuta utomvu. Gome lilikuwa kavu, baridi, bila mkwaruzo.

“Ni mzima,” nikawaambia.

Sauti yangu ilitoka nzito, ya kukwaruza. Wote wakanitazama, hata dereva, ambaye hakuwa anajua habari yoyote.

“Ni vumbi,” nikasema.

Kijana wa reflekta akarudi nyuma hatua moja.