Sarafu Juu ya Mtutu

Kila mjukuu wangu anapopakwa mafuta ya nyonyo kichwani, mimi huinuka nikakae nje. Watu wa nyumba hii wanadhani harufu inanichefua. Hapana, ndugu zangu. Harufu ile inanirudisha Masasi, siku za Mwingereza, nikiwa nimebandika jicho kwenye ufa wa mlango wa sebule yetu.

Baba alikuwa sajini wa polisi pale bomani, mtu wa sala na maneno machache. Mwaka ule alizuka na mtindo mpya. Akitoka kazini anakunywa uji wake, kisha anajifungia sebuleni. Mama akiulizwa, husema, "Baba Agnesi anapumzika." Kupumzika gani huko kwa kunuka nyonyo? Mimi, huyo Agnesi mwenyewe, sikuridhika.

Ndipo nikachungulia. Baba alisimama wima, mkono umenyooka, ameshika bastola nyeusi inayong'aa mafuta. Juu ya mtutu ameweka senti kumi, ile sarafu yenye tundu. Alifumba jicho moja, akazuia pumzi, akakaza kidole polepole. Sarafu ikaanguka. Akaguna, akaiokota, akaanza upya. "Usivute," alijinong'oneza. "Bana." Alikuwa akilenga doa la mkaa ukutani, chini ya msumari wa kofia. Na pale chini ya msumari ndipo mjomba alipoegemeza kichwa kila Jumapili.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, Mmakonde wa Newala, mchonga vinu, fimbo na vitana. Kiangazi alishuka Masasi kuuza, akafikia kwa rafiki yake nyuma ya soko. Kwetu mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto, na safari hiyo alikuja kunidai: nipande naye Newala, nikakae kwa bibi, nichezwe unyago huko. Baba alitaka niende shule ya bweni ya misheni. Walibishana kwa adabu, shemeji hivi, shemeji vile, mpaka chai ikapoa. Mimi shule niliitaka mno. Lakini mjomba nilimpenda, maana hakuna aliyenichekesha kama yeye.

Tangu hapo sikuwa na amani. Baba akimkaribisha mjomba kiti, najiuliza mbona ni kile kile. Baba akicheka, naona meno tu. Hata mama nikamshuku, kwa kuwa chupa ya nyonyo ilitoka mkononi mwake.

Jumamosi moja sarafu haikuanguka. Baba alibana, ikatulia palepale, naye akatabasamu peke yake. Nikajua kesho ndiyo siku. Nilibeba ndoo kama naenda kuteka maji, nikakimbia hadi nyuma ya soko. Mjomba alikuwa akichonga mchi, vumbi la mti limemjaa nyusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona unahema?"

"Kesho usije nyumbani. Baba ana bastola. Analenga pale unapokaa."

Hakushtuka. Alinitazama namna alivyokagua gogo kabla ya kulitia tezo. "Sarafu inaanguka bado?" aliuliza.

"Leo haikuanguka."

Nikaanza kulia. Alinifuta machozi kwa ncha ya shuka, akaniambia nirudi nyumbani, nisimwambie mtu.

Kesho yake alikuja. Akatundika kofia, akakaa palepale, mimi nikaziba masikio. Kilicholia ni vijiko tu. Mara mjomba akasema, "Shemeji, mtoto aende shule. Unyago atachezwa likizo." Baba akammiminia chai nyingine. Nikaenda shule, nikiamini kwamba baba amenipatia elimu kwa vitisho. Hata alipofaulu mtihani wa shabaha, akavaa bastola ya serikali kiunoni, bado nilikuwa namwogopa.

Baba alipofariki, mama alinipa kitu kilichofungwa kwenye kanga. Ilikuwa ile bastola, harufu ile ile. Ilikuwa nzito kama chuma, lakini mpingo mtupu. Tundu la mtutu halikupita ndani, lilikuwa kishimo tu. Chini ya mpini palikuwa na alama ya mikato mitatu, ile ambayo mjomba aliitia kwenye kila kinu chake.

Nikampelekea mjomba nje, alikokaa na waombolezaji. Mzee akaigeuza geuza mikononi. Alisema mkono wa baba ulikuwa ukitetemeka, akaona haya kujifunza mbele ya askari wake, akamwomba shemeji yake amchongee ya kufanyia mazoezi. Senti kumi ile ilitoka mfukoni mwa mjomba mwenyewe.

"Sasa mbona siku ile hukuniambia?"

"Siri ilikuwa yake, na mimi mwenyewe nilikuwa namshuku baba yako," alisema. "Nilidhani amekufundisha kunichukia, ndiyo maana nikataka kukuchukua. Ulipokuja unahema na ndoo yako, nikaona bado unanipenda, sijaibiwa kitu."

Nilikaa naye pale, bastola mapajani, nikimlilia baba upya, safari hii bila kumshuku.