Tuta la Neema, Utoro wa Hamisi

Siku yangu ya kwanza kufundisha uhandisi, Mkuu wa Idara alinikabidhi wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho wasanifu kitu kwa pamoja: mradi mmoja, alama moja kwa wote. Nilipouliza nani atahakiki kazi yao, alicheka. "Mchoro wa mwanafunzi haujawahi kuua mtu," alisema. Nikamwamini, kwa kuwa nilikuwa mgeni na yeye alikuwa na ofisi yenye zulia.

Nilisimamia vikundi vya namna hiyo mpaka mvi zikanijaa. Kikundi cha mwisho nilikipeleka kwetu Vudee, milimani Upare, kikasanifu upya ndiva, bwawa dogo la kumwagilia mashamba. Neema, binti wa Gonja, alichukua tuta. Hamisi wa Same mjini alichukua utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi. Waliwaonesha wanakijiji michoro yao, wakapigiwa makofi, tukarudi chuoni.

Kwenye kusahihisha nikaiweka michoro pamoja. Mdomo wa utoro ulikuwa juu kuliko tuta lenyewe. Maji yangepita juu ya tuta na kulibomoa. Hesabu za kila mmoja zilikuwa safi, ila hakuna aliyeangalia kazi ya mwenzake. Hamisi akajitetea kwamba kila mtu alituma sehemu yake kwenye grupu la simu. Niliwapa wote sifuri.

Kisha mwenyekiti wa kijiji akanipigia. Alikuwa ameipiga picha ile michoro, akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hakuna anayekosa, na sasa tuta lilikuwa limefika kifuani. "Mwalimu, njoo uone watoto wako walivyotusaidia kabla ya vuli." Nikawapigia wanafunzi wote watano.

Tulipanda wote kesho yake. Chini kidogo ya tuta ilikuwepo nyumba ya Mama Nakiete, maharage yameanikwa uani. Neema ndiye aliyesema na watu.

"Tuta ni langu, utoro ni wa Hamisi, na hatukuoneshana. Mvua ikija litabomoka. Tunaomba tulivunje." Akawa wa kwanza kushika jembe.

Sasa nimestaafu, naishi Same, na bado kinachonishtua zaidi ni Mama Nakiete jioni ile, ameloa jasho kwa kuvunja alichokijenga mwenyewe, akiniuliza watoto walipata ngapi. Nikamwambia sifuri.

"Sifuri ya nini tena, Mwalimu? Wachore upya, wakae hapa uani kwangu. Maji yakishuka yanaanza na mimi."